Jino la Mtoto: Linasingiziwa Kabla Halijaota, Linasahaulika Likishaota

Mtoto wa miezi saba akianza kuharisha, jibu la kwanza atakalopewa mama yake, awe Tandika, Kisauni au Ngarenaro, ni lilelile: "Anaota meno huyo." Ana homa? Meno. Anatapika? Meno. Amekataa uji? Mwache, meno hayo, yatapita. Miaka miwili baadaye meno yaleyale yamegeuka rangi ya kahawia, yanamomonyoka kuanzia ufizini, na mtoto halali usiku. Hapo jibu linabadilika: "Si ya utoto tu? Yatang'oka yenyewe."

Kauli hizi mbili zinaishi nyumba moja, na mara nyingi zinatoka kwenye kinywa kimoja. Ya kwanza inalitwika jino ugonjwa usio wake. Ya pili inalinyima matunzo wakati ugonjwa wake wenyewe umeshaingia. Ndiyo maana naona mazungumzo ya mswaki na dawa ya meno yasubiri kidogo, tuzifumue hizo kwanza.

Kinachotokea mwezi wa sita

Jino halianzi siku linapochomoza. Meno ya utoto huanza kujiunda mimba ikiwa na wiki sita hivi, na siku ya kuzaliwa yote 20 yamo tayari ndani ya mataya, chini ya fizi. Kwa kawaida mawili ya mbele ya chini hutangulia, karibu na mwezi wa sita. Wapo wanaoota mwezi wa nne, wapo wanaotimiza mwaka bila hata moja, na wote hao wanaweza kuwa wazima kabisa. Baada ya yale ya mbele huja magego ya kwanza, kisha chonge karibu na mwaka na nusu, kisha magego ya pili. Mtoto akifika miaka mitatu huwa na seti yake kamili.

Ya juu yakitangulia ya chini, hakuna ubaya wowote. Nalisema wazi kwa sababu katika jamii zetu nyingi mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi, na wapo waliotupwa au kuuawa kwa kosa hilo tu. Hata mtoto anayezaliwa na jino tayari hana tatizo isipokuwa jino likiwa linalegea au likijeruhi ulimi wake au titi la mama. Hapo aonwe na daktari wa meno, basi.

Sasa utazame huo mwezi wa sita una mambo gani mengine. Kinga ambayo mtoto aliipata kwa mama akiwa tumboni imepungua. Ndipo anapoanza uji, maji, kijiko na bakuli, baada ya miezi ya kunyonya tu. Ndipo anapojifunza kukaa na kutambaa, na kila anachookota sakafuni kinaishia mdomoni. Vimelea vya kuharisha vimefunguliwa mlango mpana kwa mara ya kwanza maishani mwake, katika majuma yaleyale jino la kwanza linapochungulia. Mambo mawili yamekutana njiani, nasi tumedhani moja limezaa lingine.

Kuota meno kuna dalili zake: udenda mwingi, kutafuna vidole, fizi kuvimba kidogo, kulialia, usingizi wa mang'amung'amu kwa siku chache, pengine joto kupanda kidogo tu. Homa inayofika nyuzi 38 haitokani na meno. Kuharisha majimaji hakutokani na meno. Kwetu, ambako malaria bado inaua, mtoto mwenye homa apimwe ndani ya saa 24, na anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS pamoja na zinki, huku akiendelea kunyonya. Kila siku inayopotea kwa kusema "anaota meno" ni siku ambayo ugonjwa halisi unafanya kazi yake bila kuulizwa.

Kosa hili si la Waafrika peke yao. Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa wa karne ya 16, alitetea kupasua fizi za watoto ili jino lipate njia, na katika karne ya 19 vitabu vya vifo vya London viliandika "kuota meno" kama sababu ya vifo vya watoto wachanga. Watoto wale waliuawa na maradhi ambayo hakuna aliyeyatafuta, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshapatikana.

Kwa usumbufu wa kawaida, msugue fizi kwa kidole kisafi, au mpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi akitafune. Jeli za kutia ganzi zenye benzokaini zisipakwe kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya mwaka 2018 kwamba zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na hilo linaweza kuua.

Meno ya plastiki

Usingizio huu una sura yake ya kikatili, na hapa sitapita haraka. Tanzania wanayaita meno ya plastiki au meno ya nailoni. Uganda wanasema ebiino. Desturi hii imeonekana pia Kenya, Kongo, Ethiopia na Sudan, na madaktari wa meno wa Ulaya na Israel wamekuta alama zake kwenye vinywa vya watoto wa wahamiaji kutoka ukanda wetu. Mtoto wa miezi kadhaa ana homa au anaharisha. Anapelekwa kwa mtu anayejua "kuyatoa". Mtu huyo anapapasa fizi, anaona mahali palipovimba upande na upande, anapachimba kwa spoku ya baiskeli, kisu, msumari uliochomwa moto au hata ukucha, kisha anamwonyesha mama kitu cheupe, laini, kinachoteleza: "Haya ndiyo yaliyokuwa yanamuua."

Mama anakiona kwa macho yake, na hapo ndipo penye nguvu ya imani hii. Lakini kile alichoonyeshwa ni chonge ya mtoto wake, ambayo ilikuwa bado inajengwa. Ni nyeupe na laini kwa sababu madini hayajaikomaza. Uvimbe uliopapaswa ni wa kawaida kwa kila mtoto wa umri huo, maana chonge ni kubwa na hulisukuma taya kwa nje miezi mingi kabla ya kuota. Ukimchimba mtoto yeyote mzima wa miezi sita utayakuta "meno ya plastiki" hayohayo.

Mtoto aliyekuwa tayari amepungukiwa maji anapoteza na damu. Chombo kichafu kinaweza kumwachia pepopunda, virusi vya UKIMWI au sumu kwenye damu. Akipona, na wengi hupona kwa sababu kuharisha mara nyingi huisha kwenyewe, sifa anapewa mchimbaji, na mama anamshauri jirani. Akifariki, inasemwa alichelewa kupelekwa. Imani ya namna hii haina siku ya kushindwa, kila tokeo inalihesabu kuwa ushahidi wake.

Makovu yanaonekana baadaye: chonge za utoto hazipo, na mara nyingine za ukubwani zimeota zikiwa na kilema au hazikuota kabisa, kwa kuwa mbegu zake hukaa jirani palepale. Ukiwa na ndugu anayejiandaa kumpeleka mtoto, usianze kwa kumtukana. Nenda naye zahanati mtoto apimwe, apewe ORS na zinki. Mtoto akichangamka bila kuchimbwa, familia nzima itakuwa imeona kwa macho yake pia.

Ugonjwa ambao kweli ni wa jino

Jino likishaota, mambo yanageuka. Sasa lipo hatarini kweli, na sasa ndipo tunapolisahau. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Tumezoea kusema jino limeliwa na mdudu. Hakuna mdudu anayetoboa. Kuna bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaonata kwenye meno. Kila sukari inapoingia, wanaitumia na kuacha asidi, na asidi hiyo inang'oa madini kwenye ganda la nje la jino. Mate yanakuja nyuma yake, yanaizimua asidi na kurudisha madini, kazi inayochukua kama nusu saa au zaidi. Kwa hiyo swali kubwa si mtoto amekula sukari kiasi gani, bali ni mara ngapi. Mtoto aliyekunywa chai yake ya sukari na andazi asubuhi akamaliza, meno yake yanapata muda wa kupumua. Yule anayetembea na chupa ya juisi tangu asubuhi akinyonya tone baada ya tone, mate yake hayapati nafasi hata mara moja. Na ganda la jino la utoto ni jembamba kuliko la jino la ukubwani, hivyo kinachochukua miaka kwa mtu mzima, kwa mtoto kinaweza kuchukua miezi.

Usiku ni mbaya zaidi. Mtu akilala mate hupungua sana. Chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, glukosi, juisi au chai inayomsindikiza mtoto usingizini huyaacha meno ya mbele ya juu yakilowa humo saa nzima-nzima. Ya chini husalimika kwa muda kwa sababu ulimi unayafunika na mate yanatokea hapohapo chini yake. Ndiyo maana watoto wetu wengi wana meno mazuri chini na vigutu vyeusi juu.

Kwa hiyo mzazi anaweza kuugundua ugonjwa huu mapema bila kifaa chochote. Mara moja kwa mwezi, kwenye mwanga, inua mdomo wa juu wa mtoto utazame pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe uliofifia kama chokaa, jino limeanza kupoteza madini. Hatua hii bado inarudi nyuma ukibadilisha ulaji na kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi, madini yanayoliimarisha jino. Mstari ukishakuwa wa kahawia na pakawa na shimo, hapo unahitaji mtaalamu.

Sukari zenyewe mara nyingi hazina sura ya sukari. Juisi ya boksi. Biskuti ya kumnyamazishia kwenye daladala. Chuchu ya bandia iliyochovywa asali, ambayo kwa mtoto wa chini ya mwaka ni hatari hata mbali na meno. Dawa ya kikohozi ya maji inayotolewa usiku baada ya mswaki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari. Uji hauhitaji sukari. Ndizi iliyopondwa humo inatosha, na mtoto ambaye hajaonjeshwa uji mtamu hana habari kwamba unakosa kitu.

Na kunyonya je? Hapa kina mama wengi huchanganywa, wengine wakiambiwa titi la usiku ndilo lililooza meno ya mtoto. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanatosha, na kunyonyesha kunapendekezwa kuendelea hadi miaka miwili na zaidi. Katika mwaka wa kwanza hakuozeshi meno. Hatari inaweza kujitokeza baada ya mwaka mmoja, mtoto anapokuwa ananyonya mara nyingi usiku kucha, huku mchana akila vitu vitamu na meno hayapigwi mswaki. Dawa yake si kumwachisha. Dawa yake ni kusafisha meno kabla ya kulala na kuondoa sukari nyingine.

Mswaki, dawa, na maji ya kisima

Kabla ya jino la kwanza, kufuta fizi kwa kitambaa safi chenye unyevu kunatosha, na humzoesha mtoto kuguswa kinywani. Jino la kwanza likionekana, mswaki unaanza siku hiyo: mdogo, wenye nywele laini, asubuhi na usiku, na ukilazimika kukosa mmoja, usiwe wa usiku. Mlaze mtoto mapajani kichwa chake kikiwa upande wako, uinue mdomo, usugue taratibu pale penye ufizi. Atalia siku za mwanzo. Hata kuvalishwa nguo analilia, na humwachi uchi.

Dawa ya meno iwe na floridi, kwa sababu ndiyo inayosaidia madini kurudi kwenye jino. Kipimo cha mtoto wa chini ya miaka mitatu ni kama punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Dawa ya kawaida ya familia inafaa. Nyingine zenye picha za katuni hazina floridi ya kutosha au hazina kabisa, kwa hiyo soma boksi: namba iliyo kando ya herufi ppm, yaani kipimo cha floridi iliyomo, isipungue 1000. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji. Na usimwachie mswaki ukaondoka. Mkono wa mtoto hauwezi kazi hii peke yake mpaka miaka saba au minane hivi. Mswaki wa mti unasugua vizuri, ila hauna floridi ya dawa.

Sasa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Nakuru na Naivasha watauliza: si floridi hiyohiyo iliyotuharibu meno? Swali ni la haki. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floridi nyingi kwenye chemchemi na visima, kupita mno kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa huyaota yakiwa na madoa ya kahawia, na floridi ikizidi sana hata mifupa hupinda.

Lakini tupige hesabu. Dawa ya kiasi cha punje ya mchele, ya ppm 1000, ina floridi ya miligramu 0.1 hivi, hata akiimeza yote. Kikombe kimoja cha maji, robo lita, kutoka kwenye kisima chenye miligramu 4 kwa lita, kina miligramu 1 nzima, mara kumi ya hiyo dawa, na hapo bado uji haujapikwa. Adui wa mtoto wa Arumeru ni kisima, si mswaki.

Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floridi inabaki, inakolea. Kinachosaidia ni maji ya mvua, chanzo kingine kilichopimwa, au kichujio cha mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Magadi ya kulainishia makande na maharage nayo huwa na floridi, hivyo chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Na mama anayeishi huko ajue kwamba maziwa yake yana floridi kidogo sana hata kama yeye anakunywa maji ya kisima. Kwa mtoto wake hakuna kinywaji salama zaidi. Mtaalamu wa meno wa eneo lenu ndiye wa kuuliza kuhusu dawa ya meno kwa kila mtoto.

Likishaoza

"Yatang'oka" ni kweli, lakini lini? Ya mbele hutoka karibu na miaka sita au saba. Magego ya pili hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka mitatu lina miaka saba na zaidi ya kazi mbele yake: kutafuna na kulishikilia pengo la mrithi wake. Likitoka mapema mno, jirani zake husogea na jino jipya hukosa pa kuotea. Usaha chini yake unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojengwa kati ya mizizi yake. Na mtoto mdogo hasemi "jino linauma". Anakataa nyama, anatafuna upande mmoja, anaamka usiku, anakonda, anaitwa mkaidi.

Hofu ya mashine imewazuia wengi kwenda, nami natamani kila mzazi ajue kwamba njia ya kuziba jino bila mashine ilianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Dar es Salaam, wataalamu wa meno akiwemo Mholanzi Jo Frencken walianza kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa saruji ya meno iitwayo glass ionomer, ili tiba ifike vijijini kusiko na umeme. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitambulisha njia hiyo kwa ulimwengu, na leo inajulikana kama ART (atraumatic restorative treatment), si ile ART ya dawa za UKIMWI. Mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Ipo pia dawa ya kupaka yenye fedha na floridi, silver diamine fluoride, ambayo huusimamisha uozo na kuliacha jino likiwa jeusi. Yote mawili, saruji hiyo na dawa hiyo, yaliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo mwaka 2021. Waulizie kwa majina hospitalini.

Safari ya kwanza kwa daktari wa meno ifanyike kabla mtoto hajatimiza mwaka, wakati hakuna kinachouma. Kama ni mbali, chanjo ya surua ya miezi tisa ni nafasi nzuri ya kumwomba mhudumu atazame kinywa. Uso ukivimba kuelekea jichoni au shingoni, tena na homa, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Na mtoto akianguka jino la utoto likang'oka zima, lisirudishwe kwenye tundu lake. Linaweza kuumiza lile lililo chini.

Limebaki jino moja linalowaponyoka hata wazazi makini. Karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utoto, huota gego jipya kila upande, juu na chini. Halikusukuma lolote, hakuna kilichong'oka, kwa hiyo mzazi hudhani nalo ni la utoto. Ni la kudumu. Linaota polepole, likiwa chini kuliko jirani yake, na mswaki unaopita moja kwa moja unaliruka. Uingize mswaki kwa ubavuni, kutokea shavuni, ulisugue peke yake. Na ukienda kliniki, uliza kama mifereji yake ya juu inaweza kuzibwa kabla haijaoza.